"Nilikuona uko mbali": kwa nini niliacha kubishana na kibao cha 50

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelielewa hivi: una Toyota Crown, breki za ABS zipo, erbegi zipo, tairi nne mpya. Unafika kijijini saa saba mchana, barabarani hakuna hata kuku, askari anachomoza nyuma ya mwembe na tochi, ile ya kupimia mwendo. Umesoma 68 kwenye kibao cha mwisho kilomita 50 kwa saa, faini elfu 30 hiyo. Unauliza kama huo si uonevu. Na wachangiaji wa juu wameshakujibu kwamba mwendo hauui, anayeua ni dereva asiyejua kuendesha.

Hiyo kauli naijua vizuri, nimeisema mimi miaka kama sita. Nilikuwa na Subaru Forester ya turbo, toleo la SG5, na bado ninayo. Nilikuwa nabadilisha brekipedi kabla hazijalia, alaimenti kila baada ya miezi mitatu, na nikimwona mtu anatembea 50 na IST yake kwenye kibao cha 50, nilimwona mshamba.

Juni 2019 nilikuwa naenda Iringa. Morogoro nimeipita mapema, njia nyeupe, ninaopishana nao hakuna anayewasha taa, maana yake mbele hakuna tochi. Kati ya Melela na Doma kuna kijiji kimekaa kwenye mnyooko. Kibao cha 50 nilikiona. Nikashuka kutoka 130 mpaka 110 na nikajihesabu muungwana.

Mzee mmoja alikuwa upande wa kushoto na baiskeli ya magunia mawili ya mkaa, ule mzigo ambao mtu hapandi, anasukuma tu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Akageuza shingo, akanitazama vizuri kabisa, akaingia barabarani. Mimi nikasema moyoni, kaniona huyu, atasimama. Hakusimama. Tairi la mbele lilipovuka mstari wa pembeni ndipo nikakanyaga breki, pedali ikaanza kutetemeka chini ya kiatu, ndiyo ABS yenyewe hiyo. Yeye kafika katikati, mimi nikavuta usukani kushoto nikapita nyuma yake, tairi mbili za kushoto zikiwa kwenye changarawe. Nilisimama mbele huko, karibu na genge la nyanya. Kioo cha upande wangu kilikuwa kimejikunja na kina vumbi jeusi la mkaa.

Nikarudi kwa miguu nimejaa hasira. Hata shikamoo nilisahau. "Mzee, wewe hukuniona?"

Akajibu taratibu, wala hakupandisha sauti: "Nilikuona, mwanangu. Nilikuona uko mbali."

Njia nzima mpaka Ruaha Mbuyuni nilikuwa napiga hesabu. Chukulia nilikuwa mita 150 wakati ananiangalia. Gari la mwendo wa 50 linakula mita 14 kwa sekunde, kwa hiyo mita 150 ni kama sekunde 11. Lami yetu ile ni mita saba hivi, na mtu anayesukuma mkaa anavuka kwa sekunde saba au nane. Angevuka na akiba ikabaki. Gari la 110 linakula mita 30 kwa sekunde. Mita 150 zinaisha ndani ya sekunde tano, na hapo mzee yuko katikati ya barabara.

Yule mzee hakukosea chochote. Gari linalokuja likiwa limekuelekea moja kwa moja, jicho linakupa umbali tu, mwendo halikupi. Wewe unaona kitu kidogo kilichosimama, halafu ghafla kimekuwa kikubwa. Kwa hiyo mtu wa kijijini anakadiria kwa mazoea, na mazoea yake ni malori na mabasi yanayopita pale kila siku. Wakuu, hili ndilo sikuwahi kuliona likitajwa kwenye mabishano yetu ya mwendo. Tunajadili gari langu, breki zangu, uwezo wangu. Kumbe kile kibao kimewekwa kwa ajili ya hesabu za mtu mwingine, ambaye hajui kama una Crown au una Vitz.

Kuhusu ABS, tusidanganyane. Kazi yake ni kuzuia tairi zisikabe ili usukani uendelee kufanya kazi wakati umekanyaga breki, na ndiyo iliyoniokoa. Haifuti umbali. Kwenye lami kavu, tairi nzuri, dereva aliye macho anayechukua sekunde moja kustuka: kwa 50 unasimama ndani ya kama mita 28. Kwa 110 ni karibu mita 100. Mwendo umezidi mara mbili kidogo, umbali umezidi mara tatu na nusu, kwa sababu umbali wa kufunga breki unapanda kwa mraba wa mwendo. Kwenye changarawe ABS inaweza hata kukurefushia. Na "tairi mpya" wengi tunamaanisha za mtumba zilizong'arishwa. Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimesimama. Halafu angalia herufi ya mwendo: S ni 180, T ni 190, H ni 210. Nimemwona jamaa na BMW iliyofungwa tairi za Q, ambazo mwisho wake ni 160, na anajisifu anamaliza kisahani cha mwendo.

Kuna aliyeleta Ujerumani, kwamba kule hakuna limiti. Ni kweli sehemu kubwa ya Autobahn haina limiti ya lazima, ila mwendo unaoshauriwa ni 130. Na Mjerumani huyohuyo akishatoka pale, barabara za kawaida nje ya mji ni 100, akiingia mjini ni 50 kama ya kwetu. Kwenye Autobahn njia za kwenda na kurudi zimetenganishwa, haruhusiwi mwenye baiskeli wala mtembea kwa miguu. Wewe unataka kuchukua mwendo wa kule uulete kwenye lami yenye genge la nyanya, mbuzi, bodaboda iliyopakia mishikaki ya abiria na wanafunzi wanaotoka shule saa nane. Japani kwenyewe yalikotoka haya magari yetu, hailwei zao kwa kawaida ni 100, vipande vichache tu ndiyo vina 120.

Sasa nikubaliane na wewe, maana si kila unacholalamika ni uongo. Kuna vibao vya 50 ambavyo ukivikuta unajiuliza aliyevichomeka aliona nini, pori tupu kushoto na kulia. Kibao cha kufuta 50 mara nyingi hakipo, kimeng'olewa kikauzwa chuma chakavu, unabaki unaotea kijiji kimeishia wapi. Na tochi ya kujificha nyuma ya mwembe imetufundisha kitu kibaya: tunaogopa tochi, kijiji hatukiogopi. Mimi siku ile kilichonifanya nitembee 110 ni kwamba hakuna aliyeniwashia taa. Askari angesimama wazi na kizibao chake cha njano, ningeshuka hadi 50 mwenyewe na mzee angevuka na mkaa wake. Kwa hiyo ukitaka tulalamikie namna limiti inavyosimamiwa, mimi nipo mstari wa mbele. Ukitaka tulalamikie limiti ya kijijini, hapo nimetoka.

Na kuhusu kuchelewa, niliwahi kujipima. Gari lilelile, safari ileile ya Mbezi hadi Iringa mjini, kutoka saa kumi alfajiri. Safari ya kukanyaga nilifika saa tano kasoro dakika kumi. Safari ya kutii kila kibao, pamoja na ile 70 ya ndani ya hifadhi ya Mikumi ambako ukigonga swala unalipa faini yake, nilifika saa tano na dakika arobaini. Dakika 50 kwenye safari ya karibu kilomita 500. Mafuta nilichoma lita 12 pungufu, na mlima Kitonga nilipanda nyuma ya malori yaleyale, maana pale hata uwe na turbo mbili unafuata tela la mbele.

Porini nje ya vijiji bado nakanyaga, sitajifanya mtakatifu humu. Nikiona kibao nashuka hadi 50 kamili, nyuma wanapiga honi, nawaacha wapige.

Pale kijijini siku hizi wameweka matuta manne, hayana rangi wala alama. La tatu nililikuta usiku mwezi wa nane, likanimalizia shokapu ya mbele kushoto. Kama kuna mwenye SG5 anajua duka Ilala lenye shokapu orijino, aje PM (ujumbe wa faragha).