Taifodi ya Kuku na Taifodi ya Mke Wangu

Juzi usiku msomaji mmoja wa Likoni aliniandikia. Kuku wake wa mayai wanahara kijani, vilemba vimepauka, na mamake anamhimiza awachinje wote kabla wajukuu hawajaambukizwa taifodi. "Kaka, nifanyeje?" Nilikaa na simu mkononi kitambo kirefu. Swali hilo ndilo lililonimaliza mimi miaka sita iliyopita, na sikupata wa kunijibu.

Nilikuwa na kuku 240 pale Mshomoroni, nyuma ya nyumba ya kupanga. Habari za mbao na mabati niziache. Walipofika trei saba kwa siku nilianza kutembea kifua mbele, nikawa nauliza bei za pikapu. Kisha asubuhi moja ya Ramadhani nikaokota watatu wamekufa. Kesho yake kumi na mmoja. Nilipofika tisini niliacha kuhesabu.

Wiki hiyo hiyo mke wangu akalala na homa, kichwa na tumbo. Hospitalini wakasema taifodi. Jioni daktari wa mifugo akampasua kuku mmoja, akatuonyesha ini lililovimba lenye rangi ya shaba, akatamka neno lile lile: taifodi. Mama mkwe alivuka feri kutoka Kwale, akasimama uani mbele ya majirani akasema mwanawe analishwa kinyesi cha kuku. Mimi na elimu yangu ya kusoma vikaratasi vya magunia ya chakula, ningejibu nini? Nikawauza waliobaki kwa shilingi 200 kila mmoja, na mnunuzi sikumwambia kuwa wanaumwa. Naona haya kuliandika hilo, lakini tusidanganyane hapa.

Ukweli niliupata mwaka mmoja baadaye. Daktari yule yule alikuja kumtibu mbuzi wa jirani, akaketi juu ya ndoo akanipa darasa. Vijidudu vile, alisema, ni binamu tu. Vyote ni salmonela, ila cha mkeo kinaitwa Typhi na cha kuku kinaitwa Gallinarum. Wazee wao waliweza kuishi kokote: kwa panya, kwa ng'ombe, kwa ndege, kwa mtu. Baadaye mmoja akahamia kwa binadamu jumla, mwingine akahamia kwa ndege jumla. Na mtu akishahama moja kwa moja, vyombo vya nyumba ya zamani vya nini?

Jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kijidudu, ndizo vyombo vyenyewe. Bakteria anapojinakili hukosea hapa na pale, na kosa likiangukia jeni isiyohitajika tena, hakuna kinachomwadhibu. Wanasayansi walipousoma urithi wote wa Typhi, mwaka 2001, walikuta jeni kama 4,600, na zaidi ya 200 kati ya hizo zimekufa: maandishi yapo lakini hayasomeki. Gallinarum naye amepoteza nyingi, hata vile vimkia vya kuogelea ambavyo salmonela wengi wanavyo. Kwa hiyo Typhi hamwambukizi kuku, na Gallinarum kumpata mtu ni nadra mno.

Nikamuuliza, sasa mke wangu aliipata wapi? Hakunijibu. Alitazama tu ile mitungi ya maji ya mkokoteni niliyoipanga mlangoni.

Ndugu yangu mfugaji, wewe unayetaka kutoka kuku 50 ufike 500 kama nilivyotaka mimi, shika hili: peleka mzoga maabara kabla hujasikiliza uani. Na usiniambie kwamba basi kuku ni salama. Salmonela wengine, akina Typhimurium na Enteritidis, hawajahama jumla. Bado wana funguo za nyumba zote, na hupita kwenye yai bichi na nyama isiyoiva. Nawa mikono ukitoka bandani.

Nawa pia ukiingia, na hapa ndipo ninapotamani mama mkwe angekuwa anasoma. Kuna bakteria wa majipu, stafilokoka, anayekaa puani na kwenye ngozi za watu wengi bila shida. Mwaka 2009 watafiti wa Edinburgh walionyesha kuwa aina moja iliyoenea kwa kuku wa nyama duniani ilitoka kwa binadamu, miongo michache tu nyuma. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kijidudu mgeni vilevile: kinga ya mwili mpya humfunga. Huyu aliifungua kamba kwa kuazima vipande vya DNA, yaani maandishi ya urithi, kwa bakteria waliokwisha kuzoea ndege, huku akitupa baadhi ya silaha alizotumia kwetu. Kwa sungura ilikuwa rahisi zaidi. Utafiti wa 2015 ulikuta kuwa badiliko la herufi moja tu ya DNA lilitosha kumfanya stafilokoka wa mtu awaambukize sungura. Herufi moja! Kwa hiyo nani anamchafua nani? Ukiwa na jipu mkononi, mpe mwingine kazi ya kulisha. Mimi nililisha na jipu, tena bila glovu, nikijiita mfugaji.

Mama mkwe hajaniomba radhi mpaka leo. Sidai. (Nadai kidogo.)

Kijana wa Likoni nimemjibu hivi: watenge wanaoumwa, ita daktari wa mifugo, usimwage antibiotiki kwenye maji kwa kukisia, usimuuzie mtu kuku mgonjwa kama nilivyofanya mimi. Watakaopona wanaweza kubaki wachukuzi na kuupitisha ugonjwa kwenye mayai, kwa hiyo usitotoleshe vifaranga vyao. Chanjo ipo kwa kundi lijalo. Watoto wachemshiwe maji ya kunywa, na wanawe mikono. Nimeshasema kunawa? Basi narudia.

Ameshukuru, kisha akauliza kama naweza kumpigia mamake nimweleze mwenyewe. Nimemwambia hilo, kaka, siliwezi.