Je, Hagai 2:9 ni ahadi ya nyumba yangu?

Swali: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Kanisani kwetu neno la mwaka ni Hagai 2:9, "Utukufu wa mwisho wa nyumba hii utakuwa mkuu kuliko utukufu wake wa kwanza." Tumeambiwa tulitamke juu ya nyumba zetu, biashara na ndoa. Nikiuliza kama mstari unasema hivyo, naambiwa Neno la Mungu li hai, nisilifungie kwenye historia. Nitajuaje kama ahadi ya Agano la Kale inanihusu?

Jibu: Amina, dada yangu. Usianzie mstari wa 9. Hagai ni sura mbili tu, mistari 38. Kisome chote bila kukatiza, nayo "nyumba hii" itajulikana yenyewe kuwa ni hekalu la Yerusalemu.

Nabii anataja hata tarehe: siku ya 21 ya mwezi wa saba, mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani 520 KK. Ukilinganisha na Walawi 23 utaona kwamba hiyo ni siku ya saba ya Sikukuu ya Vibanda. Watu wamekusanyika mbele ya jengo ambalo halijakamilika. Hekalu la Sulemani lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 KK, kwa hiyo aliyeliona akiwa mtoto sasa ana zaidi ya miaka 70. Hao ndio Hagai anaowauliza katika 2:3: ni nani kati yenu aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza? Mstari wa 9 ni faraja kwa wazee hao waliovunjika moyo.

Hata "fedha ni mali yangu" ya mstari wa 8, inayopendwa sana wakati wa sadaka, inahusu ujenzi huohuo. Katika Ezra 6:8, Dario anaamuru gharama zilipwe kutoka kodi za mfalme.

Sasa rudi sura ya kwanza, na hapa ndipo naumia nikisikia mstari huu ukitamkwa juu ya nyumba zetu. Katika 1:4 Mungu anawakemea watu kwa sababu wanakaa katika nyumba zao zilizopambwa huku nyumba yake ikiwa gofu. Mshahara wao, asema 1:6, unaingia kwenye mfuko uliotoboka. Kwa hiyo tunachukua maneno yaliyosemwa kwa watu waliotanguliza nyumba zao, tunayageuza kuwa ahadi ya nyumba zetu. Kitabu kinasema karibu kinyume chake.

Je, basi hakituhusu? Kinatuhusu sana, Warumi 15:4 inasema yaliyoandikwa zamani yaliandikwa ili kutufundisha sisi. Ila kuna njia ya kufika kwetu, nayo inapitia kwa Kristo. Katika Yohana 2:21 Yesu analiita hekalu mwili wake. Katika 1 Wakorintho 3:16 Paulo anaambia kanisa zima, "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu." Waebrania 12:26 inanukuu Hagai 2:6 na kuielekeza kwenye ufalme usioweza kutetemeshwa. Mitume wenyewe wametuonyesha njia, nasi hatuna sababu ya kuikwepa kwenda kwenye viwanja na maduka.

Kuhusu Neno kuwa hai, hilo ni kweli kabisa. Lakini Roho aliyemwongoza Hagai hawezi leo kuupa mstari uleule maana inayopingana na aliyoikusudia. Kuuliza nani alimwambia nani, lini na kwa nini, ni kumheshimu Yeye aliyesema.

Usibishane na mchungaji wako mbele za watu. Mwombe muda, mfungue pamoja Hagai 1:4, na umuulize kwa upole kwamba mwaka huu kanisa linajenga nyumba ya nani. Kama mnataka neno la kushika kutoka kitabu hikihiki, lipo katika 2:4: iweni hodari, mkafanye kazi, kwa maana mimi nipo pamoja nanyi.