Ndege mbili, herufi karibu sawa: uitikie vipi redioni?

Ndugu yangu, umesema jina la ndege yako redioni linaishia Kilo Delta (herufi K na D) na la mwenzako Delta Kilo, na juzi nusura uitikie ruhusa ya kutua iliyokuwa yake hapo uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Si uzembe; masikio yakichoka husikia yanachotarajia.

Acha kufupisha jina la ndege. Kikanuni mwongoza ndege ndiye huanza kufupisha, rubani hufuata. Mkiwa wawili wa kufanana, taja yote: 5Y, alama ya usajili ya Kenya, na herufi zake tatu, hata kama mnara wa kuongozea ndege una shughuli nyingi. Mwongozaji naye anaweza kuwabadilishia majina kwa muda, mwombeni.

Halafu hizi "Roger" (yaani "nimepokea") tupu, jamani! Rudia ruhusa nzima, namba ya njia ya kurukia, 03 au 21, na jina la ndege yako, ndipo mnara ujue nani ameipokea. Ukisikia mlio wa kukwaruza baada ya kujibu, huenda mmeongea pamoja na mmoja kafunikwa. Usiteremke kwa kubahatisha, uliza ruhusa ni ya nani.

Na kabla ya kubonyeza kitufe, tupia jicho kibao cha usajili mbele yako, hasa ukiwa umebadilisha ndege. Ulimi hung'ang'ania ile ya jana.