Swali moja la mtahini lilivunja mgawanyo wangu

Juzi msomaji ameniandikia kwamba amefeli mtihani wa nadharia ya opereta (opereta ni kanuni ya mstari inayogeuza vekta kuwa vekta) na anataka kuacha. Ujumbe wake niliusoma mara mbili, maana na mimi nimeyapitia hayo.

Siku ya kutetea tasnifu yangu niliandika ubaoni lema ya Fitting: opereta T ikiwa juu ya nafasi ya vekta yenye dimensheni n, nafasi nzima hugawanyika kuwa kiini cha Tⁿ (vekta ambazo T ikitumika mara n huzifanya sufuri) na taswira ya Tⁿ (vekta zote zinazotoka humo). Nikaipeleka moja kwa moja kwenye nafasi ya Hilbert, yaani nafasi yenye urefu na pembe ambayo dimensheni zake zinaweza kuwa bila ukomo. Mtahini mmoja akauliza kwa upole, "Na opereta ya kusogeza je?" Ile inayougeuza mfuatano (x₁, x₂, …) kuwa (0, x₁, x₂, …). Ipandishe kipeo chochote: kiini kinabaki sufuri, lakini taswira haiijazi nafasi, tena inazidi kupungua. Wawili kwenye jopo walicheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Nilikaa na opereta hiyo miezi mingi. Ndipo nikauelewa mgawanyo wa Herman Wold, wa 1938, uliotokana na utafiti wake wa mifululizo ya wakati (data zinazopimwa kwa mpangilio wa muda). Chukua opereta V inayohifadhi urefu wa kila vekta. Iite W sehemu iliyo kwa pembe mraba na taswira ya V. Basi W, VW (W baada ya kupitishwa V), V²W na kuendelea zote ziko kwa pembe mraba kati yao, na humo V husogeza tu. Kinachobaki ni makutano ya taswira zote za Vⁿ, na humo V ni yunitari, yaani huhifadhi urefu na taswira yake huijaza sehemu hiyo yote. Uthibitisho ni mistari michache! Mwaka jana makala yangu iliyojengwa juu ya hoja hiyo ilikubaliwa, na najivunia.

Kwa hiyo usikariri kauli ya thiorema, tafuta inapovunjika. Kwa Fitting, ukomo wa dimensheni unafanya kazi mahali pamoja: viini haviwezi kukua milele, wala taswira kupungua milele. Kwa umbo la Jordan, yaani kuiandika opereta kwa vipande rahisi, uliza namba ni zipi, halisi au changamano. Mzunguko wa robo duara kwenye bapa la namba halisi hauna hata vekta moja isiyo sufuri inayobaki kwenye mstari wake. Tafuta inapovunjika, narudia, kabla mtahini hajakutafutia.

Leo usiku chukua opereta ya kusogeza, utafute W mwenyewe. Utapata mifuatano ya (c, 0, 0, …), dimensheni 1 tu. Kisha tafuta VW, uniandikie ulichokiona.