Dhoruba ya jua iliangushaje setilaiti?

SWALI: Nimesoma kwamba Februari 2022 dhoruba ya jua iliangusha setilaiti za intaneti za Starlink siku moja tu baada ya kurushwa. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Liliziangushaje? Na hewa tunayovuta, nayo iliathirika?

JIBU: Nimelipenda swali lako, maana wengi hudhani setilaiti zile ziliunguzwa. La hasha. Kilichobadilika ni hewa zilimokuwa zikipita.

Tumezoea kusema huko juu hakuna kitu. Kipo. Hata kilomita 400 kwenda juu, kinakozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, bado kuna atomi za oksijeni. Ni chache mno, lakini zinatosha kukipunguzia mwendo kidogo kidogo, na kila baada ya muda hulazimika kuwashwa injini ili kirudi juu. Tabaka hilo huitwa thamosfia. Jua likichachamaa, joto la tabaka hilo hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, ingawa kipimajoto cha kawaida kisingekuonyesha hivyo kwa uchache wa chembe za kukigonga.

Sasa dhoruba. Jua hutema wingu la chembe zenye chaji ya umeme, nalo husafiri na uga wake wa sumaku, yaani eneo la nguvu za sumaku, na kutufikia baada ya siku moja hadi tatu hivi. Hapa ndipo ninapokodoa macho kila tahadhari inapotolewa: uga wa wingu hilo umeelekea wapi? Ukielekea kaskazini, mara nyingi dunia huponea chupuchupu. Ukielekea kusini, huungana na uga wa dunia na nishati huingia kwa wingi. Mikondo ya umeme hushuka hadi maeneo ya karibu na ncha mbili za dunia, ikapita kwenye hewa ya kilomita 100 na kitu kwenda juu. Watu huvutiwa na mwanga wa kijani unaotolewa na oksijeni wakati huo, nao unapendeza kweli. Lakini kazi kubwa haionekani kwa macho: mikondo ile huipasha hewa moto, na hewa hiyo hufura na kupanda kama maziwa yanapochemka. Kufura huko husambaa kutoka kwenye ncha kuelekea ikweta kwa saa chache tu.

Setilaiti 49 za Starlink zilirushwa tarehe 3 Februari na kuachwa kwenye kimo cha takriban kilomita 210, zikisubiri kukaguliwa kabla ya kupandishwa. Dhoruba yenyewe haikuwa kubwa. Hata hivyo, ukinzani wa hewa ulipanda hadi asilimia 50 zaidi kuliko katika safari zilizotangulia. Waendeshaji waliziamuru zikate hewa kwa ukingo wao mwembamba ili kupunguza ukinzani, ila hazikuweza tena kupanda. Karibu 40 zilirudi na kuteketea angani.

Kuhusu hewa unayovuta, ondoa shaka: yote haya hutokea juu sana, na huku chini joto halibadiliki. Hata kule juu hali haidumu, kwani dhoruba yenyewe huzalisha gesi ya naitriki oksaidi, ambayo hutoa joto hilo kwenda anga za mbali.

Mirihi haikujaliwa kinga ya uga wa sumaku kama ya dunia. Ilipoteza uga wake mkuu wa sumaku miaka zaidi ya bilioni tatu iliyopita, na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua wakati wote, huigonga angahewa yake karibu moja kwa moja. Chombo cha MAVEN, kilichofika huko Septemba 2014, kilipima gesi ikitoroka kwa takriban gramu 100 kila sekunde, na dhoruba za Machi 2015 zilipopiga, kiasi hicho kiliongezeka sana. Jua lilipokuwa changa lilikuwa likichachamaa zaidi kuliko leo, nami sioni ajabu kwamba sayari iliyowahi kuwa na mito sasa ina angahewa isiyofika hata asilimia moja ya kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya kwetu.