Ligamenti ya goti la mdogo wako, mbona hawaishoni tu?
Pole dada, umeuliza kwanini ligamenti ya mdogo wako (ule utepe unaoshika mfupa na mfupa) iliyokatika mpirani hapo Masasi haishonwi tu. Ile ya katikati ya goti ikikatika mara nyingi haiungi yenyewe, ndo maana daktari anachukua kipande cha kano yake mwenyewe (ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa), nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, anatoboa mfupa wa paja na wa muundi anaipitisha humo anaibana. Sasa sikia, baada ya upasuaji huo maumivu yatapungua mapema atajiona kapona, kumbe kano bado inageuka ligamenti na miezi ya mwanzo ndo inakuwa dhaifu zaidi, kwahiyo afanye mazoezi ya fizio (tiba ya viungo) na mechi asicheze kabla ya miezi 9 tangu upasuaji, hata wenzake wakimwita. Nauli ya kliniki Mtwara mjini anzeni kuitenga sasa, nakuomba sana.