Mwanangu, nenda kapime na wewe

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma juzi usiku nikairudia asubuhi, sikujibu haraka maana hili si jambo la kujibu kwa neno moja. Umesema mna mwaka na nusu mnatafuta mtoto, mkeo kapimwa mara 2 hana tatizo, sasa daktari anakutaka na wewe, na swali lako ndo hili: baba, mi kitandani niko vizuri kabisa, nikapime nini?

Nenda kapime mwanangu. Nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili mbalimbali, wengi tunavichanganya na mimi nilivichanganya. Mwanaume anaweza kusimamisha vizuri, akamwaga vizuri, manii yakatoka mengi tu, na ndani kukawa hamna mbegu hata moja, kwa sababu yale maji karibu yote yanatoka kwenye tezi za ndani, mbegu zenyewe kutoka kwenye korodani ni kiasi kidogo sana. Kwa macho hujui, si kwa rangi si kwa uzito, ni hadubini tu. Na mwaka 1 ukipita bila mimba (mke akishavuka miaka 35 ni miezi 6) mnapimwa wote, maana karibu nusu ya wanaohangaika hivi upande wa mwanaume nao unakutwa na kitu, wenyewe peke yake au pamoja na wa mke.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata mama yako nilimwambia kwa kuchelewa. Kabla yako tulikaa miaka 3 bila mtoto. Nikaenda kupima kimyakimya, majibu yakaja mbegu chache na kutembea zinatembea kwa shida. Ile karatasi nikaikunja nikaificha ndani ya kiatu nisichokivaa, nikarudi nyumbani nikala kama hamna kilichotokea. Mwaka mzima! Mama yako anaitwa majina, shangazi zako wanamletea dawa za kuchemsha anakunywa mpaka anatapika, mi najua na nimenyamaza, na usiku nalala nimegeukia ukutani maana nikimgusa tu naikumbuka karatasi. Sa hiyo mimba ingetoka wapi? Hilo ndo linaniuma mpaka leo, kuliko hayo majibu yenyewe.

Siku nimemwonyesha hakupiga kelele, aliisoma mara 2 akasema haya twende wote. Daktari wa pili akaniuliza swali ambalo wa kwanza hakuniuliza, kabla ya kipimo uliumwa? Nikakumbuka kweli, mwezi na kitu kabla nililazwa na homa kali karibu wiki nzima. Akanieleza mbegu inatengenezwa kwa siku kama 74, ukijumlisha na muda wa kukomaa na kutoka ni kama miezi 3, na homa kali inaharibu zile zilizokuwa njiani, kwa hiyo kile kipimo huenda kilipima ile homa. Nikarudia, zimepanda. Mwaka mzima nimemuumiza mke wangu kwa karatasi 1 ambayo ilitakiwa kurudiwa tu.

Kwa hiyo yako ikija mbaya usiifiche, rudia. Kabla ya kwenda kaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga. Ukiwa unatoa manii ya kupima usitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, vinazidhuru mbegu. Ukitolea nyumbani ifike maabara ndani ya saa 1, ibebe karibu na mwili isipate baridi, na kama tone la kwanza limemwagika waambie ukweli maana ndo lenye mbegu nyingi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 mstari wa chini ni milioni 16 kwa mililita 1, na zinazotembea 42 kwa kila 100. Ukiwa chini ya hapo haina maana hupati mtoto, ina maana kazi ni ngumu zaidi.

Alafu daktari akushike korodani kwa mkono, usimkatalie kwa aibu. Kuna mishipa ya damu inavimba pale juu ya korodani, mara nyingi kushoto, wanaita verikosili, ukisimama unaisikia kama fundo la minyoo, inapandisha joto na mbegu zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili. Iko kwa wanaume wengi tu na inarekebishwa kwa opareshini. Atakuuliza pia kama korodani zilichelewa kushuka ulipokuwa mtoto, zako zilikuwa sawa, mama yako aliangalia mwenyewe. Na kama uliwahi kupata matubwitubwi ukubwani, au magonjwa ya zinaa kama kisonono au klamidia, mwambie yeye, mimi si lazima nijue.

Sasa hiyo sindano ya homoni ambayo mwenzako wa jimu anakwambia uchome uongeze nguvu na mbegu, tafadhali sana usiiguse. Ubongo ukiona homoni ya kiume imejaa kwenye damu unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi, zinasinyaa, na mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri. Mwili unavimba misuli, huku ndani kiwanda kimefungwa, na kukifungua tena ni miezi mingi, wengine inazidi mwaka. Kama ulishachoma hata mara 1 mwambie daktari kabla ya chochote.

Sigara acha, pombe punguza, laptopu iweke mezani si mapajani. Na mkutane kila baada ya siku 2 au 3, msihesabu kalenda mpaka ikawa kazi ya ofisini.

Na hata wakikuta sifuri kabisa, mara nyingine mbegu zipo ila njia imeziba, na wanaweza kuzitoa kwenye korodani kwa sindano na kuchoma mbegu 1 ndani ya yai 1, watoto wa kuchoma mbegu ndani ya yai wanazaliwa tangu 1992.

Leo mwambie mkeo kwamba unaenda, na muende wote. Mama yako mi nitaongea naye, hatamuuliza tena huyo binti habari za mimba. Majibu yakitoka nipigie, yakiwa mabaya nipigie hata usiku wa manane.

Baba yako